Mlango Usiokuwa na Boriti

Walivuka kinamasi cha Bahi maji yakiwafika magotini, bunduki wamezibeba vichwani: askari sita wa serikali ya Wadachi nyuma ya luteni aliyetaka kupima magofu ya ngome ya kisiwani.

Matonya alikuwa wa mwisho. Alizaliwa katika ngome hiyo, na hakuna mwenzake aliyelijua hilo. Miaka mitatu iliyopita, ilipochomwa moto vitani, alitoroka kwa kuogelea, kinamasi kikiwa kimejaa maji ya masika. Wanaume wa huko walisakwa wakanyongwa. Naye akajificha mahali ambapo hakuna aliyetafuta, ndani ya sare ya wale waliokuwa wakitafuta, akajiita mtu wa Kongwa. Mkataba wake ulibakiza siku kumi na mbili. Kisha angemwoa Dorkasi, aliyekuwa akimngoja huko Kongwa.

Ngome yenyewe ilikuwa tembe kubwa la Kigogo. Paa lilikuwa limeteketea, na kuta zilizobaki zilimfikia mtu kifuani. Askari waliingia wakitaniana.

“Hawa ndio waliotutoa jasho mwezi mzima?” alisema Yahaya. “Zizi la mbuzi la mama yangu lina kuta ndefu kuliko hizi.”

“Mama yako alikuwa akikuzuia wewe, si mbuzi.”

Matonya alicheka pamoja nao. Alipoufikia uwazi wa mlango akainamisha kichwa, akatanguliza bega la kushoto, akapita.

Mlango ule ulijengwa mfupi makusudi, ili adui aingie kwa kutanguliza kisogo, na waliokulia humo waliinama na kutanguliza bega bila kufikiri. Lakini boriti ya juu ilikwisha kuungua. Matonya alikuwa ameinamia mbingu.

Alipoinua macho alimwona Shaushi Halfani, Mrangi wa Kondoa aliyewaongoza askari chini ya luteni, ameketi juu ya jiwe la kusagia, akikung'uta tope viatuni.

“Umeinamia nini?”

“Nimejikwaa, afande.”

“Umejikwaa, ukatanguliza na bega?” Halfani alimtazama luteni, aliyekuwa akinyoosha kamba ya kupimia ukutani, kisha akashusha sauti. “Yule akijua, kamba ile itapata kazi nyingine. Sitamwambia. Lakini nje ya kinamasi hiki nchi ni kavu, nami nimekwisha kuzika askari watatu kwa kiu. Mtu anayejua visima vya Wagogo wa huku simwachi aende zake. Siku zako zikitimia, utatia kidole katika mkataba mpya.”

“Wa muda gani, afande?”

“Muda wote nitakaokuwapo mimi.”

“Kuna mtu ananingoja Kongwa.”

“Mpelekee salamu.”

Luteni alipoamuru warudi, Matonya aliufikia tena ule uwazi. Alijikaza apite wima, shingo ikakataa. Halfani, aliyemfuata kwa karibu, akamtwisha bunduki yake juu ya ile aliyokuwa nayo. Matonya akaipokea, akaingia majini.