Kitabu cha Nyumba za Lindi

Jumamosi ile nilitoka Gatina kwa miguu kwenda Kibera, kitabu nimekikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu nilijua nikiketi mahali popote nitakifungua. Na nikikifungua, nitaandika.

Kosa lilikuwa langu. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja tu kabla, na kikundi chetu kidogo kilikuwa kikiorodhesha nyumba za Lindi, kijiji kimoja cha Kibera. Ardhi ya Kibera ni ya serikali, kila mtu anajua. Lakini vile vyumba vya udongo na mabati vina wenyewe. Tulitaka siku tingatinga likija, au siku hati zikija, kuwe na kitabu kilichoandikwa na watu wa hapo. Nalianya, fundi seremala, alichora namba milangoni kwa rangi. Mimi niliuliza na kuandika.

Kwenye namba hamsini na mbili mama mmoja alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani.

"Nyumba hii ni ya nani, mama?"

"Ya Ojwang," akajibu bila kuinua kichwa.

Nikaandika Ojwang. Sikuuliza Ojwang yuko wapi. Siku tatu baadaye ndipo Celine, mpangaji wa yule mama, aliponiambia kwamba Ojwang alizikwa nyumbani Nyakach miaka mitatu iliyopita. Kwao Waluo mjane hubaki mke wa bwana yule, na nyumba hubaki yake hata akiwa kaburini. Yule mama wa omena ndiye mjane wake; majirani walimwita Mama Dalmas tu. Jina lake, Awiti, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Sasa Oluoch, ndugu ya marehemu, anayekaa kijiji cha Raila, humo humo Kibera, alikuwa amepata habari kwamba jina la Ojwang limo kitabuni. Alisema waziwazi kwamba likisomwa mbele ya watu Jumamosi hiyo, yeye ndiye atakayesimama. Na tulikuwa tumekubaliana kwamba anayesimama bila kupingwa anatia kidole gumba, na Jumatatu kitabu kinakwenda kwa afisa wa tarafa.

Nilimkuta Awiti mlangoni kwake, amevaa kitambaa cha kanisani.

"Mama Dalmas, niambie neno moja tu. Nitabadilisha sasa hivi, kabla watu hawajafika."

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "nikilitoa jina lake mimi mwenyewe, watasema nimemzika mara ya pili. Acha."

"Lakini shemeji yako atakutoa na watoto."

"Najua."

Nalianya alikuwa akipita nyuma yangu na benchi begani. "Wewe msomi, funga hicho kitabu. Si ni wewe ulituapisha kisiguswe bila watu? Leo utabadilisha kwa huruma. Kesho mwingine atabadilisha kwa soda."

Nilikwenda nyuma ya kanisa tulipokutania, nikazunguka zile benchi mpaka mzee mmoja akaniambia, "Kavetsa, keti basi, unatupatia kizunguzungu."

Watu walijaa. Nalianya alisoma, wenyewe wakasimama mmoja mmoja, wakatia kidole. Hamsini. Hamsini na moja.

"Hamsini na mbili. Ojwang."

Oluoch alisimama, koti limepigwa pasi. "Ojwang ni ndugu yangu. Mimi ndiye nilipeleka maiti nyumbani. Nasimama kwa niaba yake."

"Kuna anayepinga?"

Awiti alitazama chini. Aliyeinuka ni Celine, mtoto mgongoni. "Mimi napinga. Ukuta wangu ulianguka mvua ya juzi. Ni Mama Dalmas alikanda udongo na mikono yake. Huyu hatukumwona!"

"Keti, wewe mpangaji," Oluoch akasema. "Jina lako haliko kwa kitabu. Sheria yenu inasema wenye majina ndio wanaongea. Ama nadanganya?"

Macho yote yakanigeukia. Alikuwa anasema kweli. Ile sheria niliiandika mimi, chumbani kwa shangazi yangu, nikidhani inazuia fujo.

"Ni mimi niliandika," nikasema. "Niliandika vibaya. Wanaojua nani anajenga ni wale wanaolala ndani. Nawaomba mwamue kama wapangaji waongee."

"Wote mpige kura," Nalianya akasema. "Tukihesabu mikono ya wenye nyumba peke yake, tutamaliza kabla sijapenga kamasi."

Watu wakacheka, na mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Celine hakungoja kuambiwa.

"Sasa mwulizeni, chumba cha tatu kinalala nani?"

"Mpangaji," Oluoch akajibu upesi.

"Mpangaji gani? Huko kuna magunia ya omena!"

"Na wanalipa vizuri hao omena?" mtu akapaza sauti, na hata mchungaji akaficha uso.

Oluoch hakucheka. Alimgeukia Awiti, akasema polepole, "Shemeji, ukitaja jina lako hapa leo, usituulize utazikwa wapi."

Kicheko kikakatika. Hilo si tishio dogo kwao: mjane huzikwa nyumbani kwa mumewe. Nilitaka kusema kitu; Nalianya akanikanyaga mguu.

Awiti alisimama. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kuzikwa ni siku yangu moja, na hiyo siku sitakuwa najua kitu," akasema. "Lakini leo jioni nataka kulala kwangu. Kavetsa, andika Awiti. Awiti, mke wa Ojwang. Yeye usimfute."

Kitabuni kila nyumba ilikuwa na mstari mmoja, wa jina moja. Niliandika jina lake juu ya la mumewe, nikabana herufi mpaka zikatosha, watu wakichungulia mabegani mwangu. Oluoch alisema Jumatatu atakuwa ofisini kabla yetu. Nalianya akaniambia nimwandikie pingamizi lake, ni haki yake pia. Oluoch akakataa, akaondoka kwa hatua ndefu.

Awiti alitia kidole, akakifuta kwa leso.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Tena," akasema. "Kwa sauti. Shemeji bado hajafika barabarani."