Kifuniko cha Tangi

"Fungua basi, mzee wangu, watu wanasubiri," alisema mama wa kituo cha mafuta, bomba la petroli mkononi.

Dereva, jina lake Taratibu, alikuwa ameinama ubavuni mwa gari jekundu, anakizungusha kifuniko cha tangi, nacho kinazunguka bure bila kufunguka. Alikipangusa kwa kitambaa, akakitazama vizuri. Hakikuwa kile cha jana. Hiki kilikuwa kipya, na katikati kilikuwa na tundu dogo la ufunguo.

Alirudi ndani ya gari akatafuta. Alitafuta kwenye kikasha cha mbele, chini ya zulia, kwenye mfuko wa mlango ambao hata leso haiingii. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi. Yule mama alikuwa akimjazia mafuta tangu zama za gari la marehemu mzee, mwajiri wake wa kwanza, na watu wa kazi moja huoneana haya. Alielewa kabla Taratibu hajaelewa. Au tuseme Taratibu alikwisha kuelewa, ila alikuwa hajakubali.

"Wamekufungia," mama yule alisema kwa sauti ya chini.

"Bosi amesahau kunipa ufunguo."

"Eeh, amesahau." Alilirudisha bomba mahali pake. "Hata mimi nilipomfungia mwanangu kabati la sukari, nilimwambia nimesahau ufunguo."

Mara akaona amevuka mpaka, akampapasa begani. Taratibu alicheka kidogo ili mama wa watu asijisikie vibaya. Kisha akaliondoa gari polepole, taa ya mafuta ikiwa imewaka, na honi ya lori ikimsindikiza.

Jina la Taratibu alipewa na marehemu mzee, baba yake bosi. Alimwendesha mzee yule tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi zote, na muda wote huo hakuwahi kwenda mbio wala kupiga honi ovyo, na kwenye matuta alipita kama mtu aliyebeba mayai. Mzee alikuwa na desturi moja. Akitoka nyumbani asubuhi, huku anaongea na mtu au anafunga kishikizo, alizirusha funguo za gari hewani bila kutazama zinakwenda wapi. Taratibu alizidaka. Mtoto wa mzee, begi la shule mgongoni, alicheka kila zilipodakwa, kila siku kicheko kilekile, kisha anakimbilia kiti cha nyuma na kusema, "Twende, Mjomba!"

Mtoto huyo ndiye bosi sasa. Mzee yuko udongoni, gari lake limeuzwa, na mahali pake limekuja hili jekundu, jipya kabisa, la michezo, lililo chini hata ukishuka unajiona unatoka shimoni. Mbele lina viti viwili. Nyuma pia viwili, kama una paka wawili. Injini yake ni ya namna yake, ile inayozunguka. Muuzaji alieleza mengi sana, ila katika yote bosi alibaki na neno moja: ndogo. Ilikuwa injini ndogo kuliko hata ya kigari cha mama yake cha kwendea sokoni. Akafikiri kama ambavyo ungefikiri wewe na mimi, kwamba tumbo dogo halili sana.

Bosi alipenda kuonekana akishuka kwenye gari lile, ila hakupenda kukaa nalo kwenye foleni. Kwa hiyo siku za kazi Taratibu ndiye aliyeendesha, na bosi akakaa pembeni na simu yake. Jioni za Jumapili alilizungusha mwenyewe mtaani, akarudi kabla injini haijachoka.

Gari la marehemu likijazwa mwanzo wa wiki, lilimaliza wiki. Hili liliwasha taa ya mafuta wiki ikiwa haijafika kati. Mara ya kwanza bosi alicheka, akasema gari lina kiu kama mgeni wa harusi. Mara ya pili hakucheka. Baadaye yakaanza maswali ya kupitia dirishani. Jana ulipitia wapi? Ulipoegesha kule, ulikaa muda gani? Mkeo siku hizi anafanya biashara gani? Taratibu alijibu yote, tena kwa urefu, na kila alivyoeleza ndivyo alivyosikia sauti yake ikifanana na ya mtu mwenye hatia. Bosi aliacha kumwita Mjomba, akaanza kumwita "dereva". Hakuna aliyetangaza mabadiliko hayo.

Jioni ya siku ile ya kituoni alimkuta bosi kwenye ngazi za ofisi.

"Kifuniko kimefungwa, bosi."

"Najua. Nimeona mafuta niwe najaza mwenyewe."

"Kuna kosa nimefanya?"

"Hakuna kosa." Bosi alikuwa anatazama simu. "Ni usalama tu. Mjini wezi wengi."

"Wezi ni wengi," Taratibu alikubali, maana hata hilo ni kweli.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mlangoni mwa chumba, kwenye mwanga, na mtu akitaka kuingia ilibidi avuke lundo la sare za watoto wa shule. Taratibu alivuka, akaketi kitandani, akamsimulia habari ya kifuniko. Cherehani ilinyamaza.

"Nikuulize kitu, usikasirike," mkewe alisema.

"Uliza."

"Hukuchukua?"

Alimtazama. Mwanamke huyu alijua hata anavyokohoa akiwa na njaa.

"Hata kidogo?" aliendelea, uso ameuelekeza kwenye sindano. "Maana mwaka huu umetubana, na mtu ni mtu. Kama ulichukua, niambie mimi. Tutajua pa kuanzia."

Kile kifuniko kilimwaibisha, lakini swali hili lilimuuma. Alitaka kupiga kelele, akakosa nguvu ya kupigia. Mikono yake ilinuka petroli ya kituoni, akaificha katikati ya magoti kama mwizi kweli.

"Sikuchukua, mama watoto."

"Basi. Yameisha."

Akakanyaga cherehani. Hayakuwa yameisha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na usiku ule lilikuwa limekuja kulala nao kitanda kimoja.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba alikuwa akibana mafuta kuliko dereva yeyote mjini. Tangu maswali ya bosi yaanze, alizima injini kila foleni iliposimama. Akilipeleka gari kuoshwa, aliliwasha, akalisogeza kutoka bandani hadi kwenye bomba la maji, akazima upesi. Akimaliza, akaliwasha tena, akalirudisha, akazima. Bosi akiwa hayumo, hakuwasha kiyoyozi hata jasho limwingie machoni. Na kadiri alivyobana, ndivyo taa ya mafuta ilivyowahi kuwaka.

Alikwenda kwa fundi wake wa zamani. Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, na ni miguu iliyomjibu.

"Hilo lenu? Injini ndogo, koo kubwa."

"Usinitanie. Mwenzio nafungiwa kifuniko."

Fundi alijivuta akatoka. Alimwona usoni, akaacha mzaha.

"Sikiliza. Injini ulizozoea zina pistoni, zinapanda na kushuka. Hii haina. Ndani mna kipande cha pembe tatu kinazunguka, na kila upande unakunywa kwa zamu yake. Ukisikia inaimba vizuri, ujue inakunywa vizuri. Hakuna anayeiba."

"Nami nabana. Kila foleni nazima. Hata kulisogeza kwenda kuliosha, nawasha na kuzima hapohapo."

"Ah!" Fundi alijishika kichwa. "Ndiyo unaiongezea. Ukiiwasha ikiwa baridi, inajimiminia kama mlevi. Ukizima kabla haijapata moto, yale yote yamekwenda bure, na iko siku itakataa hata kuwaka. Ikiwa baridi, ukishawasha, iache ipate moto."

Taratibu aliketi juu ya tairi lililochakaa. Kumbe kweli alikuwa akimpotezea bosi mafuta, tena kila siku. Alitaka kucheka na hakikutoka kitu.

"Njoo umweleze bosi."

"Mimi?" Fundi alijifuta mikono, akarudia kuifuta. "Rafiki yangu, nikimweleza mimi, atasema tumegawana."

Alimweleza mwenyewe siku iliyofuata, wamesimama kwenye foleni. Alieleza pembe tatu, alieleza baridi na moto, akakiri hata lile la kuzimazima. Bosi alisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi gani huyo? Si yule rafiki yako?"

"Ndiye."

"Sawa," bosi alisema, na gari la mbele likasogea.

Ijumaa jioni bosi alizipokea funguo za gari mkononi mwake. "Kesho usije. Nina harusi nje ya mji, naendesha mwenyewe. Nimejaza mpaka juu, kwa mkono wangu." Akazitia mfukoni. "Jumatatu tutaongea, dereva."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Tangi likimfikisha bosi harusini na kumrudisha, basi mwizi amepatikana, na miaka yote ile itazikwa jina baya likiwa juu yake. Taratibu, ambaye hakuwahi kuliombea gari lolote baya hata lile lililowahi kumchania shati, alirudi nyumbani akitamani petroli ya mwajiri wake iishe. Aliona aibu kwa kutamani hivyo. Aliendelea kutamani.

Jumamosi jua lilipoanza kulala, alikuwa anamshikia mkewe kitambaa simu ikaita.

"Mjomba."

Alisimama. Neno lile lilikuwa limepotea muda mrefu, hata alitazama simu kuhakikisha ni nani. Petroli ikiisha, undugu hurudi.

"Mjomba, limenizimikia. Nilikuwa narudi."

"Taa haikuwaka?"

"Iliwaka kitambo. Nikasema injini ndogo, itafika."

"Uko wapi?"

"Nimepita kiwanda cha matofali. Huku hakuna kituo, hakuna chochote. Magari yanapita tu, watu wananipiga picha. Njoo, Mjomba."

Mkewe alikuwa amesikia. Aliinuka akavuta dumu tupu kutoka uvunguni, akalisuuza, akalikausha kwa kanga yake, akampa. Alimtazama usoni alipompa. Ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, na Taratibu aliipokea pamoja na dumu.

Mama wa kituo alilijaza. "Hili angalau halina ufunguo," alisema, na safari hii walicheka wote wawili. Taratibu alikodi pikipiki, akalipakata dumu kifuani barabara nzima. Alijua picha anayoitoa: mzee wa watu na dumu la petroli. Kama bosi alikuwa akimwazia hivyo siku zote, leo angemwona hivyo kwa macho.

Alimkuta ameketi juu ya jiwe, suti ya harusi mwilini, viatu vimegeuka vyekundu kwa vumbi la matofali. Ua la kifuani lilikuwa limesinyaa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake, alionekana mtoto. Aliinuka haraka kuja kupokea dumu. Taratibu aliliweka chini, karibu na gurudumu la nyuma, akatoa faneli mfukoni.

"Fungua," alisema.

Bosi alijipapasa mifuko yote kabla ya kuupata. Ulikuwa ufunguo mdogo, uko peke yake kwenye pete yake. Alikosa tundu, kisha akalipata. Taratibu alishika faneli, bosi akamimina. Hakuwa amezoea, petroli ilimrukia mikono ya suti na kuchuruzika hadi viatuni. Harufu ilimjaa mwilini, ileile ambayo Taratibu alikuwa akirudi nayo nyumbani.

"Linakunywa," bosi alisema.

"Linakunywa."

"Nilijaza mwenyewe, Mjomba. Mpaka juu."

"Uliniambia."

Bosi alisubiri. Kwa wiki nyingi Taratibu alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hii. Aliyasema akiosha gari, akiyapanga na kuyapangua, mengine makali, mengine ya kumkumbusha mtu kiti cha nyuma na begi la shule. Sasa aliyatafuta na hakuyaona. Alikuta uchovu tu, umekaa mahali pote.

"Twende," alisema. "Jua linazama."

"Endesha wewe."

Alisogeza kiti, akarekebisha kioo, akawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Hakuondoka. Aliiacha iungurume pale ukingoni, ipate moto wake, na bosi, ambaye angeweza kuuliza kwa nini mafuta yanateketea wamesimama, hakuuliza.

Kisha, uso ukiwa dirishani kuyatazama matofali, bosi aliurusha ule ufunguo mdogo. Hakutazama ulikokwenda. Aliurusha sawasawa kama alivyokuwa akirusha baba yake.

Taratibu aliuona ukipanda, ukimetameta, ukigeuka. Mkono wake ulikuwa kwenye usukani na haukunyanyuka. Hakuukataza, wenyewe haukwenda. Ufunguo ulimgonga gotini, ukatumbukia katikati ya viti.

Hakuna aliyeinama kuuokota. Injini ilipopata moto, Taratibu aliingia barabarani polepole, na njia nzima, kila walipopita juu ya tuta, wote wawili waliusikia ukigonga chuma huko chini.