Pezi Lililokatwa

Mdogo wangu Asad aliporudi kutoka Kanada hakuniletea hata chupa ya manukato. Alileta samaki. Samaki mmoja, mzima, kaganda kama tofali ndani ya boksi la barafu, na uwanja wa ndege walimweka saa mbili wakimuuliza maswali. Nikamwambia wewe una wazimu, umetoka huko kote mpaka Kariakoo, pwani yote hii imejaa samaki, unatuletea samaki? Akajibu kwa sauti ndogo, "Dada Amna, huyo ni wa Baba." Nikaelewa palepale anazungumzia nini.

Baba yetu, mzee Nasor, alikuwa dalali wa samaki. Miaka thelathini na kitu alisimama mnadani kila alfajiri akinadi samaki wa watu, na mtaani kwetu Msimbazi ilijulikana kwamba Nasor akikwambia huyu ni wa leo, ni wa leo. Asad alipotimiza miaka kumi na tisa, Baba akamchukua akamfundishe kazi. Wiki ya pili tu, Baba ananadi tenga la nguru, anasema wametoka majini alfajiri ile, kijana akafungua mdomo mbele ya wanunuzi, "Baba, hawa wa jana." Watu wakacheka, wakatawanyika. Baba akamwambia palepale, mbele ya waliobaki, kwamba hajui samaki, na asimletee tena habari ya samaki mpaka amvue wake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hawakula sinia moja. Asad akaenda Maskati, kutoka Maskati akaenda Kanada, miaka kumi na sita ikakatika. Mama alikufa na jambo hilo moyoni.

Sasa kaja kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo Baba kazimaliza kwa "marahaba". Asad akimwamkia, marahaba, kisha anageukia redio yake. Chakula namtengea Baba chumbani, Asad anakula na mimi barazani. Jumapili kijana anaondoka. Jumamosi asubuhi nilipoamka nikajisemea potelea mbali, leo hawa wawili watakula sinia moja, hata kama itabidi niwafunge kamba. Mimi napika chakula cha kuuza kuanzia kona hii mpaka karibu na Mnazi Mmoja, watu wanaopanga foleni kwenye masufuria yangu hawana idadi, siwezi kushindwa na wanaume wawili wa nyumbani kwangu.

Samaki alikuwa amelala kwenye friza ya Vicky, jirani yetu anayeuza soda na maji. Nilipokwenda kumchukua tukamfungua pamoja kwenye plastiki, na kusema kweli niliingiwa na wasiwasi. Asad alisema ni samoni, lakini samoni ninayemjua mimi ni yule wa kwenye picha, mnofu umeiva rangi ya papai. Huyu ngozi yake ilikuwa ya fedha iliyoanza kuwa nyekundu nyekundu ubavuni, madoadoa meusi mgongoni, na taya la juu limepinda chini kama mdomo wa kasuku, lina meno. Tumbo alishapasuliwa na kusafishwa, nikachungulia ndani, mnofu umepauka. Nikasema huyu mtoto kauziwa kitu kingine huko.

Vicky kwao Ukerewe, ziwani, na hakuna siku inayompita bila kututania sisi watu wa pwani. Akasema sisi tukisikia samaki wa ziwani au wa mtoni tunaziba pua kabla hajafika mezani, halafu tunajifanya mabingwa. Nikamwambia wao wanakula tope wanaliita kitoweo. Tukacheka, akanisaidia kumbeba mpaka uani kwangu, nikamweka kwenye beseni ayeyuke.

Asad akanieleza. Alisema samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mto uleule kutaga, na akisharudi hali chochote tena. Mafuta yanamwisha njiani, rangi inageuka, dume taya linapinda. Ukimwona wa dukani na huyu utadhani si ndugu. Nikamuuliza mara tatu kama kweli kamvua yeye. Akaapa mara tatu. Basi nikaenda chumbani kwa Baba, nikamwambia Asad kaleta samaki wake aliyemvua kwa mkono wake, wa mtoni.

"Mtoni?" Baba akasema. "Nikitaka tope si nitateremka hapo Mto Msimbazi."

Nikamshika mkono nikamnyanyua. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli tu, lakini vidole vyake viko vilevile. Nikamkalisha kwenye kigoda uani, nikasogeza beseni mbele ya magoti yake, nikamwambia akague mwenyewe kama alivyokuwa akikagua mnadani. Asad alisimama karibu na kamba ya nguo, mikono nyuma. Mtu wa miaka thelathini na mitano, na bado alisimama kama siku ile ya tenga la nguru.

Baba akaanza kichwani. Akapapasa macho, akafunua matamvua, akaingiza kidole gumba pembeni mwa taya na kukisugua hapo muda mrefu. Akasema kavuliwa kwa ndoana, tundu hili hapa. Nikashusha pumzi. Akateremka mgongoni, akapima pezi la juu, akaendelea kuelekea mkiani. Halafu vidole vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikasimama palepale.

"Hapa palikuwa na pezi," akasema. "Dogo, laini, kama la hongwe mwenye sharubu. Limekatwa. Na halikukatwa juzi, kovu limefunga, alikatwa akiwa mtoto."

Baba akageuza uso kuelekea kwenye kamba ya nguo.

"Huyu kawekwa alama na mwenyewe, kama ng'ombe. Huyu ni samaki wa mtu. Umemtoa kwenye bwawa la watu ukaja kuniambia umevua?"

Wallahi nilitaka kupiga beseni teke. Wiki mbili mdomo kaufunga, leo anaufungua kumwita mwanawe mwizi. Nikamgeukia Asad, nikamwambia kama leo pia atanyamaza basi abebe begi lake aende uwanja wa ndege sasa hivi, asingoje kesho. Nilimwambia hivyo huku machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona.

Asad akaja akachuchumaa mbele ya Baba. Akaeleza polepole. Kule kwenye mto anaovua, samoni wa asili wamepungua, kwa hiyo kuna watu wa serikali wanaozalisha vifaranga, wanawakata kipezi hicho kidogo, wanawaachia mtoni waende zao baharini. Wakirudi wakubwa, sheria inakuruhusu kuchukua aliyekatwa tu. Mwenye pezi lake zima ni wa asili, unamrudisha majini akiwa hai. Huyu si wa mtu, alama hiyo ndiyo ruhusa ya kumchukua.

Kidole cha Baba bado kilikuwa juu ya lile kovu.

"Kabla ya huyu ulivua wangapi?"

"Kumi na mmoja, Baba. Kwa miaka mitatu."

"Wako wapi?"

"Niliwarudisha. Wote walikuwa na pezi."

Baba akamuuliza habari ya yule wa kwanza kabisa. Asad akasema alikuwa mkubwa kuliko huyu, urefu wa mkono mzima, alipambana naye karibu nusu saa. Alipomfikisha kando alipiga magoti kwenye maji ya baridi, akampapasa mgongo, pezi lipo. Akasema alilia, maana alikuwa ameshaanza kufikiria atamleta vipi Dar es Salaam. Halafu akamwachia.

"Nani alikuwa anakuona?"

"Hakuna mtu, Baba. Mvua tu na mimi."

Baba aliosha vidole kwenye kopo la maji nililomsogezea, akavifuta kwenye msuli. Aligeuza uso upande niliposimama, akaniambia nimpike, na kichwa nisikiharibu.

Nikafunga kanga kiunoni. Asad alianza kunifundisha, eti huko wanamchoma na chumvi na ndimu basi, nikamfukuza jikoni. Nilimparua magamba, nikampasua kwa ndani kufuata uti wa mgongo akafunguka kama kitabu, nikampaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Vicky akaniletea nazi mbili, nikazikuna, nikakamua tui la kwanza zito, nikalipika na ukwaju, bizari na pilipili mbuzi moja. Mkaa niliupunguza. Samaki asiye na mafuta ukimpa moto mkali anakauka kama ubao, na huyu alishamaliza mafuta yake akirudi kwao. Nikawa namgeuza na kumpaka tui, namgeuza na kumpaka, sikuondoka pale hata mteja aliponiita nje mara mbili. Harufu ilipotoka, redio chumbani kwa Baba ikazimwa.

Nilipakua wali kwenye sinia kubwa la Mama, ambalo halijatoka kabatini tangu arobaini yake. Samaki juu, kichwa upande wa Baba. Nikatandika mkeka barazani, mmoja tu, nikaweka sinia moja tu, nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba leo chumbani hakipelekwi chakula.

Baba akatoka akipapasa ukuta. Akakaa. Asad alibaki amesimama mlangoni, hathubutu. Baba akanawa, akasema bismillahi, akavunja kichwa katikati, akachomoa ule mnofu wa shavuni, ambao nyumbani kwetu tangu nizaliwe haujawahi kuliwa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Hakuutia mdomoni. Aliunyoosha hewani, kuelekea mlangoni.

Asad akaja akakaa, akaupokea. Baba alingoja mpaka aliposikia anatafuna.

"Nguru wale," akasema, "hawakuwa wa jana, Asad. Walikuwa wa juzi."

Kisha akachota wali wake, akaniuliza kama kuna ndimu nyingine.