Majina Kando ya Kauri

Osiako alinipiga teke kabla sijamaliza kumkaribisha. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Wanjala, na wiki hiyo tulikuwa tumemzika Philip, mwana wa Osiako. Nyuma yake walisimama wanaume kama kumi, wakata miwa wa hapa Matungu, wameshika marungu.

Mkononi alikuwa na daftari langu.

Wanjala aliendesha lori la sukari hadi Mombasa, akawa ananiletea magamba ya baharini. Niliyachora kwa penseli za rangi, moja kila ukurasa. Kando niliandika lilikookotwa, tarehe, na jina la aliyenipa. Alipofariki, majirani waliosafiri Pwani waliendelea kuniletea. Philip aliniletea kauri yenye madoa alipotoka ziara ya shule.

"Kauri ni kitu ya waganga," Osiako aliwaambia. "Na hapa ameandika Philip. Sasa sikizeni wale wanangoja zamu ya kurogwa."

Akasoma. Makhanu, jirani yangu, aliposikia jina lake hakukumbuka kwamba alinipa gamba lile kwa mkono wake mwenyewe. Alinipiga rungu, nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Nikaanguka. Mwingine akanikanyaga shingo. Waliponda magamba kwa mchi, wakamwaga mafuta ya taa mlangoni. Nilimwita Yesu. Wakacheka, wakasema aje basi, rungu ziko nyingi.

Mimi nilimtazama Osiako tu. Alifungua ukurasa wa mwanzo kabisa. Nilikuwa nimeandika: *Likoni, Osiako*; gamba la kwanza kabisa alinipa yeye, aliposafiri na Wanjala kwenye lori. Akaung'oa upesi, akausokomeza mfukoni. Wenzake walikuwa wanaangalia moto ukishika.

Akanijia na panga. Alipoinama, nikamwambia polepole:

"Shemeji, nimeona karatasi umeficha. Nikiitaja, watasema uchawi huu ulinianzishia wewe, na wataanza na wewe."

Panga likabaki juu. Alinuka pombe ya busaa na jasho.

"Nyamaza, mama," akasema. "Tafadhali."

Akageuka, akawaambia niachwe niende kwetu Shinyalu, nisirudi. Makhanu alikataa, akainua rungu tena. Osiako akampiga bapa la panga mdomoni, meno yakamwagika na damu. Ndipo wakanipisha.

Nilitembea hadi barabarani mkono ukining'inia, nikisikia paa langu likiporomoka. Sitamdanganya Mungu: sikumficha Osiako kwa huruma. Nilijua wakishamuua yeye, wangekuwa bado hawajashiba, na mimi ningekuwa palepale chini.