Nyumba ya Addi Inazidi Kuwa Nyekundu

Baada ya swala ya adhuhuri Ijja alipanda juu ya paa kuanika sufu aliyoifua mtoni asubuhi. Aliitandaza mkekani, akaweka mawe pembeni upepo usiichukue. Alipoinua macho aliiona nyumba yake ya zamani imesimama ng'ambo ya korongo. Kuta za udongo zilikuwa nzima, mlango una rangi ya buluu, na kamba ya nguo imefungwa kwenye mlozi. Nyumba hiyo ilianguka kabla binti za jirani yake Tuda hawajaolewa, na mlozi ulishakatwa kuni.

"Tuda," aliita. Paa la jirani yake liligusana na lake. "Njoo utazame ng'ambo."

Tuda alikuja, mikono imejaa unga wa shayiri. Alitazama.

"Mlango ule mliupaka rangi lini?"

"Mwaka wa nzige."

"Basi huko ni mwaka wa nzige," Tuda alisema, akarudi kwenye mkate wake kabla haujaungua.

Wachungaji waliovuka korongo jioni ile walikuta magofu yale yale. Ukiwa upande ule huoni kitu. Ukirudi upande wa kijiji unaiona nyumba, na unawaona mbuzi wako wakipita katikati ya kuta kama wapitao mlangoni. Sauti haikuvuka. Jogoo wa ng'ambo alinyoosha shingo, akafungua mdomo, basi.

Kesho yake Addi, mume wa Ijja, alitoka katika mlango ule wa ng'ambo. Alitia udhu kwa birika, akatandika ngozi ya mbuzi chini ya mlozi, akasali. Ijja alivuta shuka yake akajifunika vizuri, maana hakujua anamtazama mume au marehemu.

Hilo ndilo lililomla miaka yote. Addi alipotoweka, mkadamu Bassu, aliyekuwa macho na masikio ya liwali kijijini, aliapa kuwa alimwona akipanda basi na mwanamke, wakielekea Hispania. Neno la mkadamu lilikaa kama jiwe. Ijja hakuwa mjane. Hakuvaa nguo nyeupe wanazovaa wafiwa wa kwetu, hakukaa eda, na hakuna aliyemsalia Addi swala ya maiti asiyekuwepo, kwa sababu mtu aliye Hispania ni mzima. Waliomposa aliwaambia hawezi kuweka mume juu ya mume. Na katika kila swala, alipofika kwenye dua ya Addi, alimwombea afya na rehema kwa pamoja, Mungu mwenyewe achague.

Kwenye kuba la darubini, juu ya mlima, wataalamu wa nyota waliiona nyumba nao. Walimtuma Kenza, msichana wa mji wa Fasi aliyesomea nyota. Alikuja na kisanduku chenye kioo kinachopasua mwanga, akakiweka juu ya paa la Ijja, akachungulia.

"Shangazi, nyumba ile inakwenda," alisema.

"Inakwenda wapi?"

"Inatuacha. Kitu kikituacha kwa kasi, mwanga wake unaelemea kwenye wekundu. Tazama mlango."

Walitazama. Ule ubuluu ulikuwa umeanza kuwa wa kijani, kama shaba iliyolala uani.

"Nyumba ya udongo ina mbio kumshinda mume wangu," alisema Tuda. "Yule hata kisimani hafiki."

Kenza alichukua tonge la sufu kutoka mkekani. "Mwanga ni mawimbi. Haya, kama mikunjo hii." Aliivuta sufu taratibu, mikunjo ikaachana. "Chanzo chake kikikimbia, mawimbi yanavutika. Yakivutika sana, jicho haliyashiki tena. Yanabaki joto. Ngozi inayajua, jicho haliyajui."

"Na haya tunayoyaona ni ya leo?"

"Ya siku mwanga ulipotoka. Umekawia njiani. Yale yamekwishatokea, shangazi. Usijichoshe kuyapigia kelele."

Ijja alifikiri kidogo. "Itafika siku aliyoondoka Addi, kabla haijazimika?"

Kenza alirudi kwenye kisanduku, akakaa nacho kitambo. "Itafika," alisema. "Ila itakuwa nyekundu sana."

Kuanzia hapo watu walifanya kazi zao huku jicho moja likiwa ng'ambo. Walioga, walilima, walinyoa kondoo. Alasiri moja Ijja alijiona mwenyewe akitoka katika mlango ule, msichana mwenye kiuno, akipandishwa nyumbu kwenda kumuuguza mama yake. Aliona kwamba aligeuka nyuma mara moja tu. Tuda aliona anavyotazama, akamletea maziwa ya mgando, akakaa naye.

Wazee walikumbuka kwamba Addi alitoweka kesho yake ya safari ile, kwa hiyo siku iliyofuata kijiji kizima kilikuwa juu ya mapaa. Bassu alikuja pia. Sasa alikuwa Haji, mwenye nafasi yake katika safu ya kwanza msikitini, na magoti yalimsumbua, wakamletea mto akalie.

Ng'ambo kila kitu kilikuwa na rangi ya ganda la komamanga. Wanaume watatu walipanda njia ya mbuzi. Wawili walivaa makoti ya mjini. Wa tatu alivaa kanzu ya sufu yenye kofia na alitangulia, akiwaonyesha njia. Alipofika alirudisha kofia nyuma. Alikuwa Bassu. Addi alifungua mlango, akaweka mkono kifuani, akawakaribisha chai. Mwezi huo huo, katika baraza la kijiji, yeye peke yake alikuwa amekataa chemchemi isigeuzwe kwenda kwenye bustani ya liwali. Hilo kila mtu alilikumbuka.

Walikaa ndani muda wa chai. Walipotoka, Addi alikuwa katikati yao, hana viatu. Walizunguka nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la chokaa. Wakarudi watatu. Kisha Bassu alikwenda na kurudi, akibeba matita ya vichaka, akayasukuma tanurini moja baada ya jingine. Moshi ulipanda, mwekundu, hauna harufu.

Juu ya mapaa palisikika bilauri zikiwekwa chini. Haji Bassu alikinga jua kwa kiganja.

"Nilikuwa mwembamba siku zile," alisema.

"Ulikuwa, Haji," alijibu aliyekaa karibu naye, akampa chai.

Asubuhi Ijja alikwenda kwa fakihi wa msikiti.

"Nimeona, mama," fakihi alisema kabla hajaulizwa. "Nami nina paa."

"Basi nimsalie mume wangu."

"Mwanga si mtu. Hauapi."

"Kijiji kizima kimeona."

"Kijiji kizima kilikuwa upande huu wa korongo. Aliyesema Addi yuko Hispania ni Haji, na alikula kiapo. Akilifuta neno lake, Ijumaa tunasali."

Ijja alimkuta Haji Bassu bustanini, chini ya mitofaa inayonyweshwa na chemchemi ile. Alikuwa anafunga tawi lililoelemewa.

"Haji, futa neno lako la Hispania."

"Nikilifuta niseme nini?"

"Sema amekufa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Haji alikaza fundo. "Halina taabu hilo. Nilidhani umekuja kwa mengine."

Mengine Ijja aliyajua. Liwali wa zamani alishakufa, na kitini alikaa mwanawe. "Mengine nimemwachia Mungu mwenyewe," alisema.

Ijumaa walimsalia Addi. Haji Bassu alisimama safu ya kwanza, na amina yake ilisikika mpaka kwa wanawake. Siku hiyo Ijja aliomba rehema peke yake. Alirudi nyumbani, akavaa nguo nyeupe, soksi nyeupe na shuka nyeupe, akaketi eda. Wanawake walikuja na sukari za mche, zilizogandishwa ngumu kama pembe, kama ilivyo ada ya msiba. Kutoka nyumba ya Haji ulikuja mche mkubwa kuliko yote. Tuda aliushika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Huu niutupe?"

"Uvunje kama mingine," Ijja alisema. "Wageni wanataka chai."

Nyumba iliendelea kuwa nyekundu, kisha nyeusi yenye wekundu, kisha haikuwepo. Tanuri lilikuwa la mwisho kuzimika. Kenza alipokuja kuchukua kisanduku chake alisema mwanga bado unakuja, ila sasa uko chini ya wekundu, na mwingi ni wa tanuri, kwa sababu liliwaka muda mrefu. Aligusa ukuta wa nyumba ya Ijja unaotazama korongo, akauacha mkono pale.

"Unaanguka hapa," alisema.

Ukuta ulikuwa na joto. Theluji ya kwanza ilipoanguka ilifunika kijiji chote isipokuwa udongo wa chini ya ukuta ule. Paka walihamia hapo. Tuda alileta unga wake uumuke.

Katikati ya baridi alikuja Haji Bassu na ngozi ya kondoo. Hakubisha hodi, kwa kuwa hakuwa anaingia. Alitandika ngozi, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha magoti. Kwa ndani, Ijja alimsikia akishusha pumzi.

"Mwambie akakae juu ya tanuri lenyewe," Tuda alinong'ona, kwa sauti ya kusikika vizuri tu nje.

"Ukuta uko nje," Ijja alisema. "Nje ni kwa wote." Alikuwa akisokota sufu na hakuinua kichwa, lakini uzi ulikatika mkononi, akaufunga, ukakatika tena.

"Ijja," Haji aliita kutoka upande wa pili. "Ukuta wako mzuri. Tangu nizaliwe sijaegemea ukuta kama huu."

Ijja aliufunga uzi mara ya tatu. Sasa Haji anakuja kila siku baada ya alasiri na kuondoka kwa adhana ya magharibi. Wazee wengine wameanza kufuatana naye. Siku za theluji wanabanana bega kwa bega, na mahali pa katikati, penye joto zaidi, wanamwachia Haji.