Nati ya Breki ya Nyuma

Nyumba yetu ilikuwa na pikipiki moja na miguu miwili isiyoelewana. Mguu wa mume wangu ni mrefu na mzito. Anataka pedali ya breki ishuke kidogo kabla haijashika. Wangu ni mfupi. Nataka nikigusa tu, gurudumu lisikie. Kwa hiyo jioni, kabla sijatoka kuwapelekea wateja nguo nilizowashonea, nilikuwa nikichuchumaa nyuma ya pikipiki na kuikaza ile nati iliyo mwisho wa chuma cha breki. Asubuhi, kabla hajaenda kwenye ghala la rangi anakofanya kazi, yeye alichuchumaa palepale akailegeza. Tumeishi hivyo tangu tuinunue. Fundi wetu alishachoka kutusuluhisha. "Gawaneni matairi," alituambia, "kila mtu akae na lake."

Jambo moja lilinikera kuliko yote: mume wangu haangalii. Anashika spana, anazungusha mizunguko yake ya kila siku huku akili iko kwingine, anajifuta mikono, anapanda. Hakanyagi pedali kuijaribu. Nikimwambia, ananijibu kwamba mkono wake unajua. Nami nilinyamaza, kwa sababu mpaka wakati huo mkono huo ulikuwa haujakosea.

Siku hizo breki ya mbele ilikuwa mgonjwa. Waya wake ulikuwa umeanza kukatika nyuzi, na fundi alitusihi tusiutegemee mpaka atakapopata mwingine. Tulikuwa tumebaki na ya nyuma, na tulikuwa tumekubaliana, wote wawili kwa midomo yetu: mvua ikinyesha, hakuna kushuka mlima na pikipiki. Sisi tunakaa juu. Barabara inateremka kwa kona mpaka barabara kuu ya malori, na ngazi za saruji za waendao kwa miguu zinaikatiza katikati.

Jioni ile mawingu yalijikusanya, na sisi tukagombana. Kidoti, binti yetu wa darasa la nne, alikuwa na mtihani asubuhi.

"Nitampeleka na pikipiki," baba yake alisema.

"Ikinyesha nitashuka naye kwa ngazi."

"Afike amelowa, afanye mtihani huku anatetemeka?"

"Afike amelowa. Lakini afike."

Angenyamaza hapo, tungelala kwa amani. Badala yake akaanza habari za nati: kwamba nimeikaza mno, gurudumu linajiburuta, habu iliyo katikati yake inapata moto mpaka haishikiki, mafuta yanaisha bure. Mimi sina subira, na kila anayenijua analijua hilo. Nikamwambia aendelee tu na ubishi wake, siku atakapovunjika shingo ndipo atashika adabu.

Kidoti aliacha kusoma akatutazama. Baba yake akainuka akaenda kuoga.

Nilijuta kabla mlango wa bafu haujafungwa. Lakini kuomba radhi kwa mdomo ni kazi inayonishinda. Nikimkosea mtu nitamshonea kifungo kilichokatika siku nyingi, au nitampigia pasi shati ambalo hakuniomba. Basi nilichukua spana, nikatoka uani, nikailegeza ile nati mpaka pale anapopenda yeye. Nikaibonyeza pedali kwa kiganja; ikashuka kidogo, ikashika. Nilitaka aikute tayari asubuhi, ajue nimejishusha. Nilikusudia pia kumwambia. Lakini alitoka bafuni amenuna, na mimi nilipomwona amenuna nikanuna zaidi yake. Tukalala tumepeana migongo.

Kulipokucha mvua ilikuwa manyunyu tu. Nilikuwa jikoni nafunga chakula cha Kidoti niliposikia pikipiki ikiwashwa. Nikadhani anaipasha moto. Kisha mlio ukasogea. Nilipofika mlangoni, uani hapakuwa na mtu. Koti la mvua la Kidoti, lile la njano, halikuwa msumarini, wala viatu vyake havikuwa mlangoni. Alikuwa amemchukua mtoto, na makubaliano yetu akaniachia mimi niyalinde.

Hasira ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa bado namsema peke yangu, kwa sauti kubwa, nilipoiona spana. Ilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha, imelowa. Jana yake mimi niliirudisha kwenye kisanduku chake.

Alikuwa ameilegeza tena. Mkono wake unaojua ulikuwa umezungusha mizunguko yake ya kila siku juu ya ile niliyoizungusha mimi, bila kuangalia, bila kukanyaga, na sasa nati ilikuwa imeshikilia kwenye ncha kabisa, kama ilikuwa bado haijaanguka. Breki ya mbele hakuna. Ya nyuma hakuna. Mwanangu amekaa mgongoni kwa baba yake, na mteremko unaanzia kwenye kituo cha mafuta.

Nilipiga simu huku nikijua ninapoteza muda. Akiwa juu ya pikipiki hapokei hata apigiwe na nani, na mimi ndiye niliyemshikilia kwa sharti hilo mpaka akalizoea. Iliita mpaka ikakata. Nikaitupa kitandani, nikatoka mbio miguu mitupu, tepu ya kupimia nguo ingali shingoni.

Ngazi zile zina utelezi hata siku ya jua. Nilishuka nikipapasa ukuta, nikateleza, nikakaa kitako, nikainuka nikaendelea. Niliomba kitu kimoja tu, awe amesimama kuweka mafuta. Mwanamke aliyekuwa akipanda na mzigo aliniuliza kuna nini. Nilimpita bila kumjibu.

Nilitokea barabarani, kwenye kona ya katikati. Lami ilikuwa tupu na imelowa. Nikasimama kusikiliza. Kutoka juu ukaja mlio ninaoutambua hata nikiwa usingizini. Ilikuwa pikipiki yetu, inashuka kwa gia ndogo, injini inalalamika.

Nilikimbilia katikati ya barabara nikainua mikono. Ndipo akili ikanirudia. Nikimsimamisha atakanyaga breki. Atakanyaga kwa nguvu zake zote, maana ni mimi, na pedali itakwenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Kisha mkono utakimbilia breki ya mbele juu ya lami iliyolowa, na mtoto yuko nyuma. Asiponiona, labda gia itamshikilia mpaka chini. Labda. Sikuwa na muda wa kupima zaidi. Nilirudi pembeni nikajibana nyuma ya nguzo ya umeme, mimi mama mtu, nikajificha ili mwanangu apite.

Alipita. Alikuwa ameinamia usukani, miguu yote miwili inakwaruza lami. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Hofu ya wakati ule sijawahi kuionja tena, na naomba nisiionje. Nilitazama barabara kule juu, nikitafuta koti la njano kwenye lami. Sikuona kitu. Nikatazama chini. Nilitaka kukimbia pande zote mbili. Kisha nikasikia kishindo kutoka chini, na miguu ikaamua yenyewe.

Nilimkuta kwenye lundo la kokoto walilomwaga wachimba mtaro, karibu kabisa na barabara kuu. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la mbele bado linazunguka. Yeye alikuwa ameketi juu ya kokoto, kiwiko kimechunika, suruali imepasuka gotini. Nyuma yake malori yalikuwa yakipita.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemshusha kituo cha mafuta. Anakuja kwa ngazi."

"Mzima?"

"Mzima, Mama Kidoti. Kwenye mteremko huu hakuwa na mimi."

Nilikaa chini palepale kwenye maji. Sijui kama nilicheka au nililia. Nadhani vilitoka pamoja. Nilipopata pumzi, hasira nayo ikarudi.

"Kwa hiyo ulijua breki haishiki."

"Pale kituoni pedali ilizama mpaka mwisho. Nikainama nikatazama. Nati imebaki kuanguka tu."

"Na hukuikaza?"

Nati iliyolegea vile hata vidole vinaikaza, na kituo cha mafuta hakikosi spana. Kila mwenye pikipiki anajua hivyo.

"Nakuuliza, Baba Kidoti. Umemshusha mtoto, ukapanda mwenyewe, ukateremka mlima huu bila breki. Kwa nini?"

Alianza kujitoa vijiwe vilivyomwingia kiganjani.

"Asubuhi nimezungusha kama siku zote," alisema. "Mizunguko ile haiwezi kuifikisha pale. Kuna mtu alikuwa ameshailegeza kabla yangu. Na nyumbani tunaoshika spana ni wawili."

"Ni mimi. Jana ulipokuwa unaoga. Nimekuwekea unavyopenda wewe, ndiyo iwe radhi yangu."

Aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha. Niliona aibu usoni mwake, na sikuelewa ilikuwa ya nini.

"Mimi nilidhani umefanya kwa hasira," alisema. "Ulishasema mvua ikinyesha mtoto unashuka naye wewe. Ulijua pikipiki nitakuwa nayo peke yangu."

Maneno yale yalinifikia polepole. Lori moja lilipita, likaturushia maji, na hakuna aliyesogea.

"Ulidhani nataka ufe."

"Ndiyo."

"Na ukapanda hivyohivyo."

"Nilikaa pale kituoni nikawaza," alisema. "Nikaona, kama mke wangu amefikia hapo, hata nikikaza nati nitakuwa nimekaza nini. Nikapanda."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nilikuwa nimeshuka ngazi zote zile nikiogopa kipande cha chuma. Kumbe mume wangu alikuwa ameshakata tamaa na mimi, na alishakata kwa muda tu wa kusimama kwenye kituo cha mafuta. Nilimshika kola ya shati kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi nilimtikisa.

"Mimi nikikuchoka nitakuambia," nilisema. "Unasikia? Nitakuambia usoni. Hunijui? Mdomo ninao."

"Mdomo huohuo ndio niliouamini jana, ulipotaja kuvunjika shingo," alisema.

Niliiachia kola, nikakaa karibu naye juu ya kokoto, nikaushika mkono wake usioumia, tukamngoja mtoto.