Kimya cha Kiuzi

Kwa siku sabini na nane mfululizo Masikio alikuwa ameandika neno moja tu kwenye daftari la msitu: Kimya.

Kila asubuhi, umande ungali kwenye majani, alipita vituo sita vya njia ya juu. Kila kituo alisimama dakika kumi, akafumba macho, akasikiliza. Akafumbua, akaandika. Kimya.

Aliyekuwa akimsikiliza ni kiuzi, ndege mdogo kuliko ngumi ya mtoto, mgongo rangi ya majani makavu na koo la manjano. Walimwita hivyo kwa sababu sauti yake ni nyembamba, kama uzi unaovutwa kutoka juu ya miti. Hapatikani kwingine kokote ila mlima ule. Wageni walitoka mbali kuja kumsikia, maana kumwona ni bahati ya mtende, na aliyewapeleka miaka thelathini na moja ni Masikio. Jina alilopewa na mamaye lilishasahaulika. Walinzi wa msitu walisema mzee yule anaweza kumsikia siafu akikohoa.

Lakini ofisi ya misitu ilikuwa na kanuni yake. Siku themanini za kimya, njia inafungwa, walinzi wanaondolewa, na upande ule wanapewa wapasua mbao. Zilibaki siku mbili. Ijumaa bwana misitu angekuja kulichukua daftari.

Masikio aliishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni. Tangu mkewe afariki, kitanda cha watu wawili kililaliwa upande mmoja. Asubuhi ya siku ya sabini na tisa birika la chai lilikauka juu ya jiko hadi likaungua tako, na lilikuwa birika lenye kipenga cha kuita likichemka. Aliona moshi tu.

"Hata wewe umeninunia," aliliambia.

Binti yake naye alikuwa amempigia simu siku ya Jumapili. "Baba, usinipigie kelele, mimi siko ng'ambo ya bonde."

"Mbona nasema polepole?"

"Basi hiyo polepole yako majirani zangu wote wameisikia."

Siku hiyo mgeni alikuwa mmoja tu, mwanamke fundi cherehani, mnene wa mabega, mwenye sindano mbili zilizosahauliwa kwenye ukosi wa blauzi.

"Mama, nisikufiche," Masikio alimwambia kabla hawajaanza kupanda. "Kiuzi ametuhama. Tutatembea tu."

"Hata kutembea nashukuru, baba. Mwaka mzima nimekaa kitako. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda yangu, nikasema nikamwone kabla hajaisha. Kumbe nimechelewa."

Kituo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu Masikio alifumba macho. Alisikia kijito, alisikia njiwa akiguna bondeni, alisikia pumzi za mgeni wake. Basi. Alipofumbua, fundi alikuwa amenyoosha shingo juu, anatabasamu.

"Baba, huyu anayelia kama cherehani iliyokosa mafuta ni nani?"

"Yupi?"

"Huyo hapo juu. Tangu tufike hajanyamaza."

Masikio alitaka kusema ni mdudu. Badala yake alisema, "Hebu mwige."

Fundi akakunja midomo, akapiga mluzi. Mara tatu juu, kisha ukashuka taratibu, ukakatika. Ulikuwa wimbo wa kiuzi wenyewe, na hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Masikio aliinua darubini. Alipekua tawi baada ya tawi, hadi akaliona lile koo la manjano. Lilikuwa likitetemeka. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka tena. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayezungumza nyuma ya kioo. Alikaza sikio mpaka kichwa kikamuuma, na hakuna kilichomfikia.

Alikumbuka birika. Alimkumbuka binti yake. Msitu haukuwa umenyamaza hata siku moja.

"Ndiye?" fundi aliuliza.

"Ndiye."

"Sasa mbona ulisema amehama?" Alimtazama mzee, akaitazama darubini, na sauti ikapungua. "Wewe humsikii, baba."

Masikio alifuta vioo vya darubini kwa ncha ya shati, ingawa vilikuwa safi.

"Tumalize vituo," alisema mwishowe. "Ukimsikia, inua kidole."

Fundi aliinua kidole kimoja kituo cha tano, na viwili kituo cha sita. Pamoja na yule wa kwanza wakawa wanne. Masikio aliketi juu ya gogo, akaandika: Wanne. Chini yake akaongeza: Aliyesikia ni mgeni. Mimi sisikii tena. Kurasa zote za nyuma zisitumike.

Fundi alisoma begani kwake. "Watakutoa kazini."

"Watanitoa."

"Ungeandika wanne ukaishia hapo, nani angejua?"

"Kesho wewe hupo. Ningeandika nini?"

Walishuka mlima.

Ijumaa bwana misitu alilisoma daftari akiwa amesimama, kisha akaketi, akalisoma tena.

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Sijui. Masikio yameondoka bila kuaga."

"Njia haitafungwa. Lakini wageni..." Bwana misitu alikuna kidevu. "Nitatafuta mtu mwingine wa kuwapeleka. Wewe tutakuweka getini, uwe unawapokea."

"Sawa."

"Sawa kweli?"

"Nimesema sawa, bwana. Twende ukahakikishe mwenyewe."

Walipanda wawili hadi kituo cha tatu. Hawakuwa wamesimama sana, bwana misitu akamshika mkono ghafla. "Sikiliza, mzee, sikili..." Akaumeza ulimi. Akaachia mkono, akainama kama aliyeangusha kitu.

"Usinionee haya," Masikio alisema. "Sikiliza wewe. Mpaka amalize."

Aliketi juu ya mzizi, akaukazia macho uso wa bwana misitu, apate kujua wimbo unapoanza na unapokoma.